Mtani Haulizwi Hali

Mwenzangu aliwekewa kiti. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia, na sioni sababu ya kuutafutia jina zuri zaidi. Kilikuwa kiti cha turubai cha kukunja, mali ya Sista mwenyewe, na hakuna dresa, yaani muuguzi msaidizi, aliyewahi kukigusa isipokuwa kukifuta vumbi. Asubuhi ile kilitolewa nje, kikawekwa kwenye kivuli cha ukuta, mwenzangu akakalishwa taratibu kama bwana harusi, akapewa kikombe cha uji wa maziwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya matapishi mkononi. Hakuna aliyeniambia niitue.

Hii ilikuwa Tabora, siku za mwisho mwisho za utawala wa Mwingereza, wakati wa ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Kwetu iliingia kwa treni. Abiria walishuka stesheni wakikohoa, wengine wametoka pwani, wengine Kigoma, wengine Mwanza, na haukupita muda mji wote ukawa unakohoa, kuanzia Kanyenye hadi vijiji vilivyo kando ya njia ya zamani ya misafara. Hospitali ikafurika. Serikali ikaazima ghala la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, alilokuwa akihifadhi asali na nta kabla ya kuzisafirisha, likageuzwa kuwa wadi ya karantini. Tulipelekwa huko madresa wawili, mimi na mwenzangu, pamoja na Sista wa Kizungu, mama mpishi na wafagiaji. Daktari alipita asubuhi, akazunguka, akaondoka. Mchana kutwa ulikuwa wetu.

Paa lilikuwa la mabati. Jua likipanda, nta iliyokuwa imeingia kwenye nyufa za sakafu ilianza kulainika na kunukia. Wagonjwa wamelala kwenye mikeka, wanahema kwa shida, na hewa yote ni harufu ya asali. Mpaka leo mtu akinitengea asali namwomba aiondoe. Wenyeji wananishangaa, maana Tabora kumtengea mgeni asali ni heshima, na kuikataa ni kukosa adabu. Basi huwa nawaambia inaniumiza meno.

Sasa nieleze mimi ni nani, la sivyo mengine hayataeleweka. Baba yangu alikuwa Mzaramo. Aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa, akajenga Kanyenye, nikazaliwa hapo. Uzaramo nimefika kwa kutembea tu. Lakini kwa Wanyamwezi mimi nilikuwa Mzaramo, maana yake mtani wao. Utani huo ni wa enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani na kupita katikati ya nchi ya babu zetu. Waligombana, wakapatana, wakabaki na ruhusa ya kutukanana milele. Mtani anaweza kuingia uani kwako akaondoka na kuku, ukabaki unacheka. Anaweza kumwita baba mkwe wako mchawi mbele ya wageni. Na msibani mtani ana kazi maalumu: anaiga marehemu alivyokuwa akitembea na kusema, anazuia jeneza lisipite, anaingia kaburini akalala humo na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Anafanya hivyo mpaka wafiwa wacheke, na wakishacheka wanakubali kula. Kumkasirikia mtani ni aibu. Ama kumhurumia mtani, sijui kama kuna aliyewahi kulifikiria.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo niliwatania. Mzee mmoja alikataa sindano ya penisilini, amekunja uso, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba." Nikamwambia, "Babu yako alibeba pembe ya ndovu begani mpaka baharini, wewe unakimbia kasindano? Ndiyo maana sisi tuliwanyang'anya mizigo." Alicheka mpaka akakohoa, akajigeuza mwenyewe. Mkeka wa pili ukacheka, wa tatu ukacheka, na siku hiyo hakuna aliyekataa sindano.

Sista aliona. Aliona pia kwamba nikienda mimi kuwapasha habari ndugu wa marehemu waliokaa nje, hawajitupi chini wala hawavunji mlango kutaka kuingia. Basi ikawa desturi. Mtu akikata roho, Sista anasema, "Mwiteni yule mcheshi." Mwenzangu alibaki na sindano na vipima joto. Mimi nikapewa vifo.

Nilikuwa na namna yangu. Natoka nje, nawasalimia, nawakebehi kidogo ili wakae chini, halafu na mimi nakaa, ndipo nasema. Kuna mama mmoja nilimwambia kwamba mtoto wake hatunaye tena. Akanipiga kofi begani akicheka, akasema, "Mzaramo wee, koma!" Ikabidi nimwambie mara ya pili. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko kulisema neno lile mara ya pili.

Mwenzangu alikuwa Mnyamwezi wa kijiji cha upande wa Kipalapala, mtu mpole, aliyewahi kutamani upadre akaacha. Alisema kwa sauti ya chini hata akiomba chumvi. Asubuhi ya kile kiti alikuwa ameshika kipima joto, anataka kukikung'uta zebaki ishuke, na mkono ukamgomea. Akasimama hivyo hivyo, mkono juu, machozi yanamtoka bila sauti. Sista akakimbia. Mama mpishi akaacha sufuria. Wafagiaji wakamshika viwiko. Daktari alipofika alimkagua, akamsemesha pembeni, kisha akatuambia kwamba akili nayo huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba kwa kazi ya aina hii si ajabu wala si aibu. Arudi kijijini kwake apumzike mpaka atakapojisikia vizuri.

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba ugonjwa huo upo na kwamba unatolewa ruhusa. Nilipousikia, jambo la kwanza lililonijia ni hili: na mimi je?

Kwa maana na mimi nilikuwa nao. Chakula kilikuwa hakina ladha. Birika likianza kuchemka nyumbani nilisikia mtu anahema, nikasimama kumtafuta. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, nikaendelea kunawa. Usingizi ulikuja ukakaa mlangoni, haukuingia. Na kila nilipomwona mtu mzima anatembea barabarani, mimi kichwani nilikuwa tayari nawatafuta ndugu zake nje ya ghala, napanga nitaanza na mzaha gani.

Nilisema. Watu wakisikia habari hii hudhani nilinyamaza, nikajifanya jasiri. Hapana, nilisema! Nilimwambia Sista, "Sista, kichwa changu kimejaa. Ukiniongezea maiti mmoja kitapasuka." Akacheka mpaka akashika kofia yake, akasema, "Wewe! Bila wewe tungekuwa wapi?" Nilimwambia mama mpishi kwamba nasikia sauti kwenye birika. Akagonga sufuria kwa upawa, akawaita wafagiaji waje wasikie, "Njooni, huyu mwizi wangu wa kuku leo kapandisha mashetani!" Wakacheka, na mimi nikacheka, maana nilikuwa na mazoea.

Nyumbani ndiko kulikoniuma zaidi. Mke wangu alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo hata kitandani nilikuwa mtani. Jioni moja nilimkuta anafunga michembe kwenye kitambaa safi, ile ya viazi vitamu vizuri vilivyokatwa vikakaushwa, amepika na karanga za kupondwa. Nikajua ni yangu.

"Hii ni ya kaka yule wa kazini kwako," akasema. "Kesho kuna mtu anakwenda kijijini kwao. Maskini, nasikia amechoka moyo."

"Na mimi nimechoka moyo."

"Wewe?" Alicheka vizuri, kicheko nilichompendea tangu ujana. "Mzaramo ana moyo wa kuchoka? Kale ugali wako huko."

Nilikula ugali. Niliutazama mzigo ule wa michembe na nikamchukia mwenzangu kwa chuki safi kabisa. Nilichukia upole wake, sauti yake ya chini, na yale machozi yake yaliyokuwa yakijua saa ya kutoka. Yeye alilia mara moja na dunia nzima ikamwamini. Mimi nilikuwa nasema kila siku. Sikutaka mengi. Nilitaka mtu mmoja aniulize, "Unaendeleaje?" halafu asicheke nikimjibu.

Alirudi baada ya muda, amenawiri kidogo mashavuni, bado mkimya. Kila aliyepita alimgusa bega. "Pole, pole sana. Umepata nafuu?" Mama mpishi alimpa uji kwenye kikombe chake mwenyewe, kile cha bati la maua, ambacho mimi nilikiiba mara kadhaa kwa utani na kila mara akaninyang'anya. Nikamshukia mwenzangu mbele ya watu wote. Nikamwambia tumemwona bibi arusi anarudi kutoka kwa mama yake, nikaiga mkono uliokataa kushuka, nikalia kilio chake kisicho na sauti. Wadi nzima ilicheka. Alikuwa na haki ya kunitukana, huo ndio utani. Yeye alinitazama tu, akatabasamu, akaendelea kuchemsha sindano. Nilitamani anipige.

Kisha mama mpishi akaugua. Alianza kukohoa jikoni, akafunga kanga mdomoni akaendelea kupika, na siku iliyofuata nikamkuta amelala kwenye mkeka kwenye safu yangu. Nilimwambia kwamba amejilaza makusudi ili mimi nipike. Alicheka kwa macho tu, pumzi haikutosha zaidi ya hapo. Akasema, "Kikombe changu usikiguse." Alasiri akatutoka. Wanawe walikuwa nje. Sista aligeuka kunitafuta. Nilitoka, nikawasalimia, nikakaa chini. Nikawachekesha.

Maziko yalikuwa kijijini kwao, upande ule ule wa Kipalapala. Watu wengi hawakuthubutu kuja kwa kuogopa homa, lakini wa ghala tulikuja wote. Sista alisimama na kofia yake mkononi. Mke wangu alikuwa miongoni mwa wanawake. Katekista alikuwa tayari kwa sala, ila alipoona mtani yupo alikunja mikono akasubiri, kwani alijua zamu ni ya nani.

Nikafanya kazi yangu. Nilivaa aproni ya marehemu, nikashika upawa wake, nikapita nikiwagonga watu vichwani na kuwaita wezi wa sukari, kwa sauti yake hasa, ile ya kukwaruza. Wanawe wakaanza kucheka katikati ya kilio. Dada yake akacheka mpaka akakaa chini. Nikazuia jeneza, nikasema haliendi popote kabla sijapewa kile kikombe cha maua. Kisha nikarukia kaburini, nikajilaza chali, nikafumba macho, nikapaza sauti, "Nafasi hii nimeshaichukua mimi! Sitoki mpaka nipewe kuku!"

Wakacheka wote. Udongo ulikuwa baridi na ulinukia udongo tu, hakukuwa na asali. Nilisikia vicheko juu, lakini kwa mbali, na chini kule hapakuwa na mtu anayekohoa. Mwili wangu wote ukalegea. Nikagundua kwamba sijalala hivi tangu homa ilipoingia mjini.

Wakaleta kuku. Nilisikia mabawa yake. "Haya mtani, kuku huyu, toka!"

Sikutoka. Sikukusudia kutotoka. Nilijaribu kuinua mkono na mkono ukakaa pale pale.

"Anataka jogoo!" mtu akasema. Jogoo akaletwa. Wakacheka zaidi. Mwingine akaahidi mbuzi.

"Niacheni hapa," nikasema. Na kwa kuwa mdomo wangu ulishazoea njia moja, nilisema kwa sauti ile ile ya kuchekesha. "Nimechoka. Tafuteni mwingine wa kwenda kuwaambia watu. Mimi nifukieni."

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Nilimsikia mke wangu akisema, kwa fahari, "Leo kazidi!" Nikasema tena, nikasema mara ya tatu, na kila niliposema walifurahi zaidi. Nilielewa basi kwamba ningeweza kufia pale mbele ya wote wanaonipenda, na wangesimulia mwaka mzima jinsi mtani yule alivyoujua utani.

Udongo kidogo ukaniangukia kifuani. Nikafumbua macho. Mwenzangu alikuwa amechuchumaa ukingoni, na alikuwa peke yake asiyecheka. Alinitazama usoni kwa muda. Kisha, akiwa na shati lake jeupe la kanisani, akashuka kaburini.

Vicheko vikakatika. Mnyamwezi hashuki kaburini wakati mtani yumo. Huo mchezo si wake, yeye ni mfiwa, na hata mtoto anajua. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile. Katekista akasema, "Ee, wewe, unafanya nini?" Mwenzangu alikaa pembeni yangu, magoti yamebanwa na ukuta wa udongo, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kuombea chumvi:

"Unaendeleaje, ndugu yangu?"

"Kama unavyoniona," nikasema. "Nimepata nyumba, sidaiwi kodi."

Hakucheka. Akaniuliza tena, vile vile, kana kwamba sijajibu. "Unaendeleaje?"

Nilifungua mdomo na mzaha haukuwepo. Nilitafuta, wallahi nilitafuta, hata ule wa zamani kabisa. Hapakuwa na kitu. Mikono yangu iliyochubuka ikamshika shati. Na katikati ya hayo yote, nikiwa nimemng'ang'ania, bado niliona uchungu kwamba ni yeye. Mke wangu alikuwa pale, Sista alikuwa pale, na aliyenijua ni huyu niliyemwiga kilio chake mbele ya wadi nzima.

"Nilitaka aniulize mwingine," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini wengine wote unawachekesha."

Wakatutoa sote wawili. Kuku wale walirudishwa bandani, na mama mpishi akazikwa bila mchezo zaidi. Njia nzima ya kurudi mjini mke wangu alinishika mkono kwa nguvu, kama mtu anayevusha mtoto mtoni. Usiku ule alipika michembe.

Nilipofika ghalani asubuhi, kiti cha turubai kilikuwa kivulini. Sista alinionyesha nikae, akaongea nami polepole kwa Kiswahili chake cha kitabuni, akasema daktari akija atanitazama, na kwamba ananiomba radhi. Mfagiaji mmoja aliniletea uji kwenye kikombe cha bati la maua. Kwa hiyo nilikuwa na vyote: kiti, kivuli, kikombe, na watu waliopita wakinigusa bega na kusema pole. Nilikaa pale wima, nikisubiri kujisikia kama nilivyodhani yeye alijisikia. Turubai lilikuwa linauma mapajani.

Ndani, mtu alikuwa ametutoka. Nilijua kwa ukimya wa Sista. Ndugu zake walikaa upande wa pili wa ukuta, niliwasikia wakinong'ona, na miguu yangu ikasimama yenyewe kwenda kufanya kazi yake. Lakini mwenzangu alikuwa ametangulia.

Hakuwakebehi. Hakuwaambia wakae. Niliisikia sauti yake ya chini ikisema neno lenyewe, mara moja tu, wakaelewa. Wakaanza kulia, kilio kikubwa cha kujitupa, kile Sista alichokuwa akikiogopa. Na yeye akalia pamoja nao, safari hii kwa sauti. Hakukuwa na mlango uliovunjwa. Walilia tu mpaka wakamaliza, kisha nikamsikia mwanamke mmoja akimwambia, "Ahsante, baba."

Hakuna aliyewahi kuniambia ahsante kwa kazi ile. Nilirudi nikakaa kwenye kiti, nikashika kikombe kwa mikono miwili, nikamwonea wivu kuliko siku zote, nikaumeza ukapanda, nikaumeza ukapanda tena, mpaka uji ukawa na chumvi.